Mbuzi Mmoja, Mechi Mbili

Mwenyekiti alikunywa chai akiwa amesimama. Miaka yote niliyouza chai hapa Juba, chini ya mlima wa Jebel, kando ya barabara ya kwenda sokoni, sikumwona akikaa. Viti ninavyo. Ni vya plastiki, vingine nimefunga waya miguuni, lakini vinakalika. Padri ameshakaa. Askari wakubwa wameshakaa. Yeye alishika glasi kwa ncha za vidole, akapuliza, akameza, kisha akaanza.

"Mama, chai hii iko na tangawizi ama iko na maji ya tangawizi?"

"Kama hutaki, mwaga."

"Nitamwaga ndani ya tumbo."

Na aliimwaga humo kweli, glasi mbili kila asubuhi, na zote mbili na lawama. Sukari imezidi, sukari imekimbia, glasi ina harufu ya samaki. Siku nikipika chakula ndiyo ilikuwa vita, kwa sababu ya chumvi. Chakula changu hakijawahi kupungukiwa na chumvi. Nimepika tangu sijaota maziwa, nimepika Kenya ukimbizini, nimepika harusi na matanga, na mtu mmoja aliyesema bamia yangu haina chumvi nilimfukuza na mwiko hadi kwenye duka la vocha. Mwenyekiti peke yake ndiye alisema akabaki. Alitafuna, akafunga macho, akauliza, "Mama, hii iko na chumvi wapi?" Mimi nikamjibu maneno ambayo siwezi kuandika. Asubuhi yake anarudi.

Alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa timu yetu. Mwenyekiti wa kitu gani kingine, sijui. Hakuna aliyemchagua. Alirudi kutoka Uganda na ngoma mgongoni, akasimama nyuma ya goli, akapiga, watu wakamfuata. Kiswahili chake kilikuwa cha huko Uganda, kimelala upande mmoja, na mimi na changu cha Kenya nilijiona mwalimu. Sasa yuko Arua, hukohuko Uganda, kwa binti yake, miguu imekataa. Nikimwaga majivu asubuhi bado nageuka kuona kama anakuja.

Alivaa koti la kijani, rangi ya timu, na Juba hii ya jua la kupasua kichwa. Koti zito, la baridi za watu wengine. Alitokwa jasho mpaka puani lakini hakulivua. Baada ya mechi alitoa mfuko kwenye koti hilo akaokota chupa zote za maji tulizotupa, huku anatugombeza. "Watasema watu ya Jebel ni chafu. Okota! Wewe, mguu yako iko juu ya chupa!" Wazee kwa vijana tuliinama tukaokota.

Mwamuzi, Mwenyekiti alimtukana vizuri sana. Alimtukania macho, filimbi, na mwanamke aliyemfulia kaptula. Halafu mapumziko yakifika alimpelekea maji mwenyewe, kwa mikono miwili, kama anampa mkwe. Kanisani alimwombea kipa wa wapinzani, nilimsikia kwa masikio yangu, nilikuwa benchi la nyuma yake: "Baba, mpe huyu kijana usingizi kidogo leo, lakini asiumie." Nilicheka hadi mama wa kwaya akanitolea macho.

Kitu kimoja hakukicheka. Shabiki akitukana wapinzani kwa kabila, Mwenyekiti alisimamisha ngoma. Anaweka fimbo kwapani, anaangalia mbali, na uwanja upande wetu unakuwa kama msiba hadi yule mtu aondoke au aombe radhi. Mtu ambaye hajakaa hapa hawezi kujua hilo lilikuwa na uzito gani. Sisi tulirudi kila mtu kutoka kwake, hawa Uganda, hawa Khartoum, sisi Kenya, na tulikuwa tunapita njia moja bila salamu. Nyuma ya lile goli ndipo nilipojua jina la jirani yangu.

Ndiyo maana alipenda ligi kuliko kombe. Nilichelewa kuelewa. Sisi wengine tulitaka kombe, kwa sababu kombe linang'aa. Yeye alisema, "Kombe mtaweka juu ya kabati. Ligi ndiyo itawaamsha Jumamosi mtoke nyumbani." Alisema tukishuka daraja vijana wazuri watachukuliwa, mechi zitapelekwa viwanja vya mbali, mashabiki watabaki kitandani, na tutaanza tena kupita njia moja bila salamu. Watu walimwambia anapiga kelele kama redio mbovu.

Sasa niseme habari ya mbuzi.

Timu yetu ilikuwa na desturi. Kabla ya mechi kubwa mashabiki wanatoa mbuzi, anapikwa kwangu, na wachezaji wote wanakula kwenye sinia moja, mikono yote ndani. Kipa anashika pamoja na yule anayegombania naye namba. Ngozi anapewa Mwenyekiti, aweke kwenye ngoma. Ngoma ile ilikuwa na ngozi za mechi zetu zote zilizowahi kutajwa.

Mwaka ule tulifika fainali ya kombe. Na mwaka ule ule, kwa mchezo wetu wa ovyo kwenye ligi, tulikuwa tunaning'inia. Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa Jumatano. Fainali ilikuwa Jumapili. Jumatano tukipata sare, tunabaki. Tukifungwa, tunashuka. Malaria ilikuwa imepita katikati ya timu kama moto wa nyasi. Kocha alikuja hapa kwangu, akakaa, akashika kichwa.

"Wazima hawatoshi mechi mbili," akasema. "Nikiwachezesha Jumatano, Jumapili wamekufa miguu. Timu ni yenu. Semeni mnataka ipi."

Na mbuzi alikuwa mmoja. Amefungwa hapo kwenye mguu wa meza yangu, anakula maganda ya ndizi, hajui kitu.

Mwenyekiti alisimama na glasi yake. "Sare tu," akasema. "Mimi naomba sare tu. Jumatano wakubwa wacheze, wale nyama, tupate sare, tulale. Jumapili tutaenda na pumzi ile itabaki."

"Pumzi ile itabaki haichukui kombe!" Huyo alikuwa Boda, kijana wa pikipiki anayengojea abiria mbele ya meza yangu. Mdomo wake unatangulia pikipiki. "Mwenyekiti, umezaliwa lini? Sisi tuliwahi kucheza fainali? Babu yako aliwahi?"

"Babu yangu alikuwa na ng'ombe. Hakuwa na fainali."

"Unaogopa kombe kama mzee aliyeletewa mke wa pili!"

Watu walicheka. Hata mimi. Mwenyekiti alingoja kicheko kiishe.

"Mwaka ujao mtacheka wapi?" akauliza. "Mimi naulizia mwaka ujao."

Kila mtu akaanza kupiga kelele, na katika kelele mtu akasema, basi tumuulize Mama, kwa maana kamba ya mbuzi iko kwake. Mama, mbuzi ni wa lini?

Nina mjukuu, Lado. Nimemlea mimi, mama yake alibaki Kenya. Alikuwa mshambuliaji wetu, na kama unafikiri najisifu, uliza mtu yeyote wa Jebel. Jumatano mechi ilikuwa kiwanja cha vumbi, hakuna mtu atakuja kuangalia. Jumapili ilikuwa uwanja mkubwa, na watu wa timu kubwa wangekuwa jukwaani. Nilijua hilo. Kila mtu pale alijua kwamba nalijua.

Nikasema, "Jumapili."

Mwenyekiti aliniangalia. Si kwa hasira. Kama mtu anayesoma bango kuhakikisha ameliona vizuri. "Kalas, basi," akasema. "Mama amesema." Akamaliza chai, akaweka glasi, akaondoka. Hakusema chochote kuhusu tangawizi, na mimi sikuona.

Jumatano kocha alipeleka wachezaji wa akiba. Niliwapa maharage na mkate wa jana. Vijana wadogo, wengine ndevu hazijatoka, walikula maharage wakimwangalia mbuzi. Hiyo sura yao bado ninayo. Nilisema, "Kuleni haraka, mnachelewa." Hakuna shabiki aliyekwenda. Tulikuwa tunaweka nguvu kwa ajili ya Jumapili, tulisema hivyo, kana kwamba sisi ndio tutakimbia. Mwenyekiti peke yake alikwenda, kwa miguu, na koti, na ngoma. Mwanamke anayeuza mkaa upande ule aliniambia baadaye alisikia ngoma moja mchana wote, akadhani kuna maombi ya mtu mgonjwa.

Walishikilia sare hadi karibu na mwisho. Kisha wakafungwa moja. Boda alileta habari, akazima pikipiki, akasema, "Haidhuru. Jumapili." Tukasema wote, haidhuru, Jumapili.

Unaweza kufikiri Mwenyekiti Jumapili alinuna nyumbani. Humjui. Alikuja mapema kuliko sisi. Sinia ilipopita alisema, "Nimeshiba," mtu ambaye sijawahi kumsikia ameshiba, na hakuonja hata mchuzi. Lakini uwanjani alipiga ngoma ile mpaka kidole chake kikachanika na damu ikawa kwenye ngozi. Alipiga kuliko siku zote. Alikuwa amekataa mbuzi wetu, na alituimbisha. Mpaka leo sijui mtu anawekaje vitu hivyo viwili ndani ya kifua kimoja.

Na Lado akafunga. Nitasema hili pia, kwa sababu nikilificha nitakuwa mwongo: ilikuwa siku tamu kuliko zote nilizoishi. Aliupokea mpira kwa kifua, akageuka, na kipa yule akaanguka upande mwingine kabisa. Nilipiga kelele mpaka kitambaa changu cha kichwa kikaanguka, watu wakakikanyaga, nikakiacha. Mwanamke wa umri wangu, kichwa wazi, analia mbele ya watu. Mgeni aliyekaa mbele yangu aliniuliza, "Ni wako?" Nikasema, "Ni wangu. Miguu ile yote miwili ni yangu."

Kombe liko kwangu, maana timu haina ofisi. Si dhahabu, ni bati limepakwa rangi, lakini nalifuta kila wiki. Ukiniuliza leo, Mama, kombe au ligi, mdomo wangu utasema ligi. Halafu utanikuta Jumamosi nina kitambaa mkononi, nalifuta masikio. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Mtu aliyejuta kweli angelifunika.

Yaliyofuata yalikuwa kama alivyosema. Timu kubwa ilimchukua Lado. Wengine wakachukuliwa huku na kule. Sisi tukashuka, mechi zikapelekwa viwanja vya mbali kama New Site na zaidi ya hapo, na Jumamosi watu wakabaki vitandani. Yule jirani niliyejua jina lake nyuma ya goli, tunapita. Siku moja tulipita tukaangalia chini sote wawili.

Lado hakunisahau. Aliniletea mabati, akaondoa lile turubai lililokuwa linavuja, akaezeka mwenyewe na wenzake. Mabati mapya, yanapiga jicho. Mvua ya kwanza wateja wote waliingia chini yake, na Mwenyekiti pia, na ngoma yake. Akasimama katikati, akaangalia juu.

"Mabati nzuri sana, Mama," akasema. "Haivuji."

Nilimwangalia nione kama ananichoma. Hakuwa ananichoma. Alimaanisha. Alipewa chai, akapuliza, akameza. "Asante, Mama. Chai nzuri."

Chai nzuri! Ndipo nikahesabu nyuma, nikagundua kwamba tangu siku ile ya kamba ya mbuzi hajawahi kulalamika. Asubuhi zote zile. Nzuri, Mama. Asante, Mama. Alikuwa amekuwa mgeni kwenye meza yangu na mimi nilikuwa na shughuli ya kufuta kombe.

Nikamjaribu. Asubuhi moja nilimpa chai bila tangawizi kabisa, maji na majani tu, ningeona aibu kumpa mbwa. Akanywa yote.

"Iko vipi?" nikamuuliza.

"Nzuri."

"Mwenyekiti, hiyo haina tangawizi."

"Malesh, Mama. Haina shida." Akarudisha glasi kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimpa mwamuzi maji.

Nilitamani anitukane. Ningempa mwiko aushike mwenyewe.

Ngoma yake nayo ilianza kuoza. Ngozi ya mbuzi wa fainali hakuichukua. Niliianika kwenye uzio, ikakaa, mbwa wakaiburuta. Upande uliochanika alishona kipande cha gunia la plastiki, na sauti ikawa kama mtu anayekohoa ndani ya ndoo. Na bado kila Jumamosi alipita mbele yangu kwa miguu kwenda kupigia vijana ambao majina yao siyajui. "Nani anaenda leo?" nilimuuliza. "Mimi iko," akajibu. Kila mara hivyo hivyo. Mimi iko.

Mwisho wa mwaka wa pili Lado alinipigia simu. Ananiita Haboba, yaani bibi. "Haboba, Jumamosi tuna mechi kali. Nimekutumia mbuzi. Chinja, pika ile yako. Tukimaliza naleta timu nzima, wajue mimi nimelelewa na nani." Mbuzi akaletwa, mnene, mweusi, akafungwa palepale, kwenye mguu uleule wa meza. Nilimwangalia, nikageuza kiti nimpe mgongo.

Kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ameniambia mapema, bila kuulizwa, kwamba Jumamosi hiyohiyo vijana wanacheza New Site. Wakifungwa, watashuka tena. Chini ya hapo sijui kuna nini. Hakuniomba kitu. Alinywa chai, akasema nzuri.

Nilichinjisha alfajiri. Nilipika kwa vitunguu vingi na karanga, nikaonja, nikaonja tena. Kisha nikapakua nyama yote kwenye sinia, nikafunika, nikamwita Boda.

"Twende New Site."

Aliangalia sinia, akaangalia kamba tupu. "Mama, hiyo si ya Lado?"

"Endesha."

"Lado atasema nini?"

"Nimesema endesha!"

Aliendesha polepole kama amebeba mgonjwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kimya. Mchuzi ulinimwagikia hadi ndani ya kiatu. Tulipopita barabara ya uwanjani tuliwaona watu wa timu ya Lado wakielekea kule na bendera zao. Nilifunika uso na kitambaa, kama mwizi.

Kiwanja kilikuwa vumbi na vijiti vinne. Nyavu hakuna. Vijana walikuwa wanafunga kamba za viatu, na Mwenyekiti yuko nyuma ya goli na koti lake, anajaribu gunia lile kwa vidole.

"Ya Mama," akaniita. "Umepotea?"

"Sijapotea."

Akainusa sinia kabla sijafunua. "Hii ni ya mechi gani?"

"Hii."

"Hii ni mechi ndogo, Mama."

"Najua ilivyo."

Akapiga makofi, akawaita vijana, akawaosha mikono mwenyewe na jerikeni, mmoja mmoja. Walikula kama nzige. Boda naye akala, hakuna aliyemwita.

Msingoje matokeo, niwaambie: tulifungwa mbili bila. Mbuzi hakusaidia kitu. Na jioni Lado alikuja na timu yake nzima, wameshinda, wanaimba, akafunua sufuria akakuta mifupa ya shingo na mchuzi uliopoa. "Haboba, mbuzi yuko wapi?" Nikasema, New Site. Alicheka mbele ya wenzake, lakini hakunipigia simu kwa muda mrefu, na yeye ndiye aliyeezeka juu ya kichwa changu. Hiyo nayo iko juu yangu. Mbuzi ni mmoja tu, siku zote, na ukimpika huku kuna mtoto anakuangalia kule.

Lakini kabla ya hayo yote, pale kiwanjani, vijana walipokuwa wameshiba na sinia imebaki na kidogo pembeni, nilimwambia, "Mwenyekiti, kula."

"Nimeshiba, Mama."

"Nimekuja na pikipiki kutoka Jebel. Kiatu changu kimejaa mchuzi. Usinisimamie hapo na koti lako ukaniambia umeshiba."

Akaniangalia, lile jicho la kusoma bango. Akavuta jerikeni, akailaza chini, akakaa. Mimi nilishangaa magoti yake yanavyokunjika. Akanawa. Akachukua kipande, akakitia mdomoni, akafunga macho, akatafuna sana. Boda aliacha kutafuna akatuangalia.

"Mama."

"Sema."

"Hii iko na chumvi wapi?"

Boda aliinuka, akasogea nyuma ya pikipiki yake. Ananijua. Nami chumvi niliiweka kwa mkono huu, nikaonja moto ukiwaka na nikaonja nikiipua, na ilikuwa mahali pake kabisa.

"Imepungua kweli," nikamwambia, nikamsogezea sinia.